Mamako si wa kwanza: mgonjwa mnene na mashine ya kupumulia

Dada uliyeuliza kwa nini mamako wa kilo 130 ameshindwa mara mbili kuachishwa mashine ya kupumulia, pole sana. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mahututi hapa Mombasa, na nimeona wanene wengi wakitoka salama.

Mtu mnene akilazwa chali, tumbo husukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na sehemu za chini za mapafu hujifunga. Namkumbuka mzee mmoja wa Kisauni. Tulimjaribu kama aweza kupumua mwenyewe punde baada ya kumwogesha, kitanda bado kiko chini, mashine ikimsukumia pumzi kidogo. Namba zote safi, tukatoa mpira wa mashine uliopita kooni. Haikutimia saa, jasho linamtoka, mabega yanapanda na kushuka, mpira ukarudi kooni. Wallahi niliona haya. Ule msukumo mdogo ndio uliokuwa ukimbebea kazi, nasi tukadhani anapumua mwenyewe.

Siku tatu baadaye tulimketisha karibu wima. Midazolamu, dawa ya usingizi, tulishaisimamisha mapema, maana hujificha kwenye mafuta na kutoka polepole. Mara hii tukamjaribu kwa bomba la T, yaani anavuta hewa mwenyewe kupitia mpira, bila msaada wowote wa mashine, dakika 30. Watafiti Wafaransa wa Montpellier waliwapima wanene mwaka 2016, wakaona jaribio la namna hiyo ndilo linalokaribia zaidi kazi ya kupumua inayomngoja mtu mpira ukishatoka. Barakoa ya kusukuma hewa tuliiweka karibu na kumvalisha papo hapo, hatukungoja achoke. Usiku tukamrudishia, kwani bibi yake alishatwambia kuwa nyumbani hukoroma hadi pumzi zikakatika.

Kama mamako naye hukoroma hivyo, waambie leo, hata kama hawajauliza.

Halafu waulize, kwa adabu: alijaribiwa ameketi? Msukumo wa mashine ulizimwa kabisa? Barakoa ilivalishwa mara moja, au baada ya kuzidiwa? Na ukisikia pumzi za mashine zinapimwa kana kwamba ana kilo 52, usigombe. Huhesabiwa kwa urefu, na mwanamke wa sentimita 160 hufika hapo. Mapafu hayanenepi.

Wakitaja kutoboa koo, nalo lisikutishe, wengine huachishwa mashine polepole kwa njia hiyo. Ukipata majibu yao yalete hapa, tuyatazame pamoja.