Je, dini zote ni sawa mbele ya Mwenyezi Mungu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni binti wa Pumwani na nafanya kazi katika ofisi moja mjini ambako Waislamu tuko wawili tu. Mkutano ukianza ni lazima kuombwe, na mkubwa wetu hupenda kusema kwamba dini ni kama matatu, zote zinaishia tao. Mimi hunyamaza. Lakini mama yangu alisilimu alipoolewa, na nyanya mzaa mama ni Mwanglikana kule Murang'a, mcha Mungu kuliko wengi ninaowajua, na siku hizi anaugua. Nikisema dini si sawa naona nimemhukumu nyanya. Nikisema ni sawa nahofia imani yangu. Nishike lipi? Na akifariki, naruhusiwa kwenda mazishini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Mwenyezi Mungu amponye nyanya yako.

Nianze na matatu za mkubwa wako, maana mfano wenyewe unamgeuka. Akapande namba 111 pale mjini aone kama itamfikisha Eastleigh. Itampeleka Ngong, na utingo atamdai nauli juu. Dini nazo zinasema wazi zinakokwenda. Wakristo wanaamini Yesu alisulubiwa na kwamba ni Mwana wa Mungu. Qur'ani inasema hawakumuua wala hawakumsulubu (4:157), na kwamba Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa (112:3). Haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Nyanya yako mwenyewe ukimuuliza hatakubali kwamba ni mamoja, kwani Biblia yake inasema, "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima, mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi" (Yohana 14:6). Anayesema dini zote ni sawa anadhani amewaheshimu wote, kumbe amewaambia wote kwamba hawajui wanachokiamini.

Kwa hiyo Muislamu anasema bila kung'ata maneno: "Hakika dini mbele ya Mwenyezi Mungu ni Uislamu" (3:19), na atakayetafuta dini nyingine haitakubaliwa kwake (3:85). Najua watu humtolea mwenziwe aya ya 2:62, inayowaahidi malipo Mayahudi, Wakristo na Wasabai waliomuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho wakatenda mema. Wafasiri wengi wa zamani wanasema hao ni waliowafuata Mitume wao kabla ya kuja Mtume Muhammad (s.a.w.). Wako wanazuoni wa zama zetu wanaoipanua aya hii zaidi ya hapo. Mimi niko na wale wa kwanza, kwa sababu aya za sura ya tatu ziko wazi mno kwangu.

Sasa nyanya. Hapa ndipo ninapotaka utulie unisikilize, kwa sababu kusema dini fulani si ya haki ni jambo moja, na kusema fulani bin fulani ni wa motoni ni jambo jingine kabisa. La kwanza umefundishwa. La pili hukupewa. Mwenyezi Mungu anasema, "Na Sisi hatukuwa wenye kuadhibu mpaka tupeleke Mtume" (17:15). Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua suala hili katika kitabu chake Faysal al-Tafriqa. Akawagawa wasiokuwa Waislamu makundi matatu: ambao jina la Mtume halikuwafikia kabisa, hao wana udhuru, waliomjua kwa sifa zake za kweli, wakaishi na Waislamu kisha wakakataa, hao hawana, na waliolisikia jina lake tangu utotoni lakini wakaelezwa kwamba ni mwongo na laghai. Hawa wa tatu akawaweka pamoja na wale wa kwanza.

Hebu yalete hayo Kenya. Jirani yetu aliyeusikia Uislamu kupitia habari za mashambulizi ya al-Shabaab, jumba la maduka la Westgate mwaka 2013, kisha Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 ambako watu 148 waliuawa, ameusikia Uislamu upi? Na aliyekuwa ndani ya basi la kutoka Nairobi kwenda Mandera Desemba ya mwaka huo huo, akawaona abiria Waislamu wakikataa kutengwa na Wakristo mbele ya bunduki za al-Shabaab, wengine wakiwavika wanawake wa Kikristo hijabu zao, huyo ameusikia upi? Mwalimu Salah Farah, mmoja wa abiria hao Waislamu, alipigwa risasi siku ile na akafariki mwezi uliofuata hapa Nairobi. Nyanya yako yuko kundi gani, mimi sijui, wewe hujui, na mashekhe wanaojifanya mabawabu wa Jahannamu pia hawajui. Maadamu yu hai, muombee afya na muombee uongofu. Na usimbanie: mweleze dini yako kwa upole, umpikie, umpigie simu.

Wala usidhani wema huo ni kulegeza dini. Asma binti Abubakar alijiwa na mama yake, mshirikina, wakati wa mkataba na Makuraishi. Akamuuliza Mtume kama amtendee wema, naye akamjibu: "Ndiyo, muunge mama yako." Iko katika Bukhari. Tena Qur'ani inasema hata wazazi wakikushurutisha ushirikina usiwatii, lakini "kaa nao kwa wema duniani" (31:15). Hakuna palipoandikwa kwamba upendo hutangulizwa na makubaliano ya akida.

Kuhusu sheria ya nchi, usichanganye. Katiba ya 2010, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa, na ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Hapo tuko sawa sote, na sisi tulio wachache ndio tunaofaidi zaidi. Hilo halipingani na "hapana kulazimisha katika dini" (2:256). Mkubwa wako huenda alikusudia hili tu, ila ulimi ukampeleka mbali. Mchukulie hivyo.

Maombi ya ofisini: wakimuomba Mwenyezi Mungu afya au baraka ya kazi, sema amin. Wakiomba kwa jina la Yesu, nyamaza, uombe lako moyoni. Kunyamaza kwako si unafiki, na hakuna aliyekutaka utoe mhadhara.

Mazishi, nenda. Masahaba wamesimulia kwamba jeneza lilipita na Mtume akainuka, akaambiwa ni la Myahudi, akasema, "Je, si nafsi?" (Bukhari na Muslim). Toa mchango wa gharama, saidia jikoni, kaa na mama yako, maana yeye ndiye atakayefiwa na mzazi huku shangazi zake wakimtazama kama ndiye aliyeihama familia. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu kuingia kanisani. Ninavyoona mimi, kwa jamaa wa karibu, ingia ukae nyuma, usiimbe nyimbo zao wala usishiriki ekaristi. Kipindi cha adhuhuri kikikukuta huko Murang'a, waombe wenyeji chumba. Watakupa, na pengine watakuletea na maji ya kutawadhia.

Wallahu aalam.