Usilipe kwanza! Megapikseli 48 hazitaokoa picha zako za ukumbini

Mkuu, kama hela bado iko mfukoni, iache huko huko. Umesema unataka kamera ya sherehe za jioni, umebakiwa na mbili: ndogo mpya ya megapikseli 48 (yaani picha ya nukta, au pikseli, milioni 48), na ya zamani kidogo ya megapikseli 16 yenye kihisi cha APS-C (kihisi ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga mahali pa filamu, na APS-C ni jina la saizi yake). Ukauliza habari za video na betri, kisha ukamalizia kwamba moyo uko kwenye ile ya 48 "kwa sababu namba ni mara tatu". Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, maana ndiyo maneno niliyolishwa mimi dukani.

Muuzaji wangu alinigeuzia boksi upande wenye namba kubwa, akanionyesha picha ya maua yaliyopigwa mchana wa jua kali. Kwenye jua kali kamera gani inashindwa? Kuhusu kihisi hakutamka neno. Ikaja harusi ya binamu yangu, ukumbini, usiku, taa za manjano. Nilipofungua picha za kuvishana pete kwenye kompyuta, nyusi za bibi harusi zilikuwa zimeyeyukia kwenye paji la uso, lesi ya shela imekuwa bapa jeupe, na suti nyeusi ya bwana harusi imejaa chenga nyekundu na kijani. Pete haivishwi mara ya pili ili mpiga picha apate nafasi nyingine. Yule muuzaji alijua naenda kupiga harusi, nilimwambia, na bado akaniuzia namba.

Tazama maelezo uliyoyabandika wewe mwenyewe. Ile ya 48 ina kihisi cha 1/2.3. Hicho ni takriban milimita 6.2 kwa 4.6. APS-C ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, yaani eneo karibu mara 13. Lenzi zikifunguka kwa kipimo kimoja cha f (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na muda wa shata, yaani muda mwanga unaoingia, ukiwa uleule, kihisi kikubwa kinapokea mwanga wa jumla karibu mara 13. Kidogo kinabaki na njaa ya mwanga, kamera inapandisha ISO (kiwango cha kukuza mwanga hafifu), chenga zinatokea, halafu programu ya ndani inazifuta. Ikizifuta inafuta na kope, nywele na nyuzi za kitambaa. Ndiyo maana sura zinatoka kama za nta.

(Na usidhani 1/2.3 ni kipimo halisi cha inchi. Ni majina yaliyorithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani, kwa hiyo yanakifanya kihisi kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Tafuta milimita.)

Megapikseli 16 zinachapisha picha ya sentimita 41 kwa 27 kwa nukta 300 kila inchi. Televisheni ya 4K yenyewe ina pikseli kama milioni 8.3 tu. Hizo 48 utazipeleka wapi? Pikseli nyingi zina kazi yake, ukiwa na kihisi kikubwa, lenzi kali na mabango ya kuchapisha. Tena zipo kamera za bei rahisi ambazo hizo 48 hazimo kabisa: kihisi kina pikseli chache, zilizobaki zinabuniwa na programu.

Milimita za kihisi kwanza, megapikseli baadaye. Kisha lenzi: ile ya kawaida inayokuja na kamera, ukivuta zumu hadi mwisho, mara nyingi inaishia f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya hapo.

Nenda dukani na kadi yako ya kumbukumbu. Omba kamera zote mbili, ingia kona yenye giza kuliko zote, zima flashi, weka ISO 3200, mpige mtu mwenye nywele nyeusi na nguo nyeusi. Usihukumu kwenye kioo kidogo cha nyuma, kila picha inapendeza pale. Zifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa mmoja, angalia kope na mshono wa kola. Ukikataliwa kujaribu, toka. Ukiruhusiwa, zibandike zote mbili hapa kabla hujalipa, nitazitazama leo leo.