Usilipie hiyo "graniti nyeupe" kabla hujaenda na ndimu

Mkuu, usilipe! Hayo mabaki ya "graniti nyeupe yenye mishipa ya kijivu, bei ya kutupa" unayouliza kama ujiwekee kwenye kaunta ya jiko, mimi nilishauziwa. Ni marumaru. Nasema jiwe lenyewe, siyo vile vigae vya chooni tunavyoviita marumaru.

Nilitoa laki nne na themanini kwa vipande vitatu. Tukabeba na shemeji, kujifanya wanaume, wakati mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 2 inapita kilo 50. Nikakata kwa grenda, nikabandika kwa silikoni, kaunta ikawaka kama kioo. Majirani wakaja kupiga picha.

Jumamosi mama watoto akakamulia samaki ndimu. Kesho yake, kila tone lilipoangukia pamefifia, ukipitisha kidole kunakwaruza kama chaki. Nikajua ni shombo. Nikasugua kwa siki, pakazidi. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaenda kuchukua dawa ya choo! Ikatoa povu, nikafurahi, nikamwita mke aje aone uchafu unavyotoka. Kumbe linatoka jiwe. Marumaru asili yake ni chokaa, na chokaa ikikutana na asidi inaliwa. Ndimu, siki, ukwaju, nyanya, yaani chakula chetu chote ni adui yake. Pale nilipomwaga dawa pana kibonde hadi leo, mtoto anachezea gololi.

Nikarudi kwa muuzaji. Hata aibu hana, akaniuzia sila, ile dawa ya kupaka jiwe lisinyonye madoa, ya elfu sitini: "Paka hii bosi, utanishukuru." Sila inazuia mafuta na manjano yasizame, lakini ndimu haizuiliki kwa sila. Na yule bwana alikuwa anajua, maana meza yake mwenyewe ya kupokelea hela ni jiwe jeusi la madoadoa. Graniti! Nilihesabia noti juu yake na bado sikuona.

Sasa sikia. Nunua ndimu moja, nenda nayo. Omba kipande, kamua matone upande uliong'arishwa, piga stori robo saa, futa, kisha inamisha kipande kuelekea kwenye mwanga. Pakiwa pamefifia, rudisha hela mfukoni. Graniti halisi itabaki inang'aa vilevile. Na usikubali akuoneshe sampuli ya kabatini, dondoshea kipande kilekile utakachobeba. Akianza kung'aka eti utamchafulia mali, umeshajibiwa, panda daladala uondoke.

Uliuliza pia kuhusu kaunta ya mbao ya mninga, na tundu la sinki likatwe wapi. Mbao sijawahi kuijaribu, waje mafundi. Sinki langu lipo upande ule wa kibonde, sina hamu ya kulizungumzia. Kaunta yenyewe sasa hivi nimeifunika kwa plastiki ya maua. Laki tano na arobaini, juu yake plastiki ya elfu nne.