Trauti wa Januari hataki haraka

Jumamosi tatu mfululizo nilirudi nyumbani mikono mitupu. Ilikuwa Januari, mwaka wangu wa pili Uingereza, na bwawa lenyewe si kubwa. Ukitembea kwa starehe unalizunguka kwa dakika 12. Samaki wamo. Kila baada ya wiki mbili huja gari lenye tangi na kumwaga trauti wengine. Niliwaona kwa macho yangu wakigeuka chini kwa chini, ubavu ukimeta. Tiketi nimelipia, na bado patupu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa Tanga. Mjomba wangu ameishi kwa mshipi tangu kabla sijazaliwa, na utotoni nimekaa naye ngalawani usiku mwingi tukitafuta changu na chewa. Nilidhani kijibwawa cha kuchimbwa hakitanishinda.

Uvuvi wa huku una namna yake. Chambo si kamba wala ngisi, ni ndoano iliyozungushiwa nyuzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu. Wenyewe wanaiita nzi, nami nitaiita hivyo hivyo. Kwa kuwa nzi hana uzito wa kwenda mbali, kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene wa rangi, na mwishoni unafungwa uzi mwembamba usioonekana majini. Nilikuwa nimejifunza kiangazi kwa kutazama video: rusha mbali, vuta kwa mikupuo, rusha tena. Julai ilinipa samaki. Januari ilinipa mafua.

Jumamosi ya nne mzee mmoja wa ng'ambo ya bwawa alikwisha kutoa wanne wakati mimi bado nachapa maji. Alikuja na chupa yake ya chai, akanitazama kidogo, akasema nzi wangu anapita juu ya vichwa vyao, tena mbio. Basi. Akarudi kwake.

Nilisimama pale nikamkumbuka mjomba. Yeye hakuwahi kutupa mshipi bila kuhesabu. Chubwi likishazama alikuwa akihesabu pima kwa mdomo, moja, mbili, tatu, na samaki wa kwanza akipatikana kwenye pima nane, basi usiku ule wote ni pima nane. Mimi nilikuwa navua bwawa lote kwa kina kimoja, kile cha juu, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote wakati wa baridi.

Sababu yake iko kwenye maji. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi na kukaa juu, ndiyo maana barafu huanza kuganda usoni mwa bwawa, haianzii chini. Asubuhi ya jalidi isiyo na upepo unaweza kukuta nyuzi 1 au 2 juu na 4 kule chini. Kwako wewe ni baridi tu ile ile, lakini damu ya samaki hufuata joto la maji, kwa hiyo kwake tofauti hiyo ni kubwa. Anakaa kwenye kina, anasaga chakula polepole, na hatafukuza kitu kinachokimbia. Ukimpitishia mbele ya pua, taratibu, anafungua mdomo.

Kwa hiyo sasa nahesabu. Natumia mshipi unaoelea, uzi mwembamba wa mita 4 hivi, na nzi mmoja mwenye kichwa cha shaba. Narusha, nasubiri hadi 10, navuta. Bila kitu, nasubiri hadi 15. Kisha 20. Ndoano ikianza kurudi na majani yaliyooza najua nimegusa chini, napunguza hesabu mbili tatu, na hapo ndipo navua. Kwenye kona ya ukuta wa bwawa langu hesabu ni 22. Kwenye mdomo wa kijito kinachoingiza maji ni 9 tu. Nimeziandika kwenye kifuniko cha sanduku la nzi, maana akili ya baridi husahau.

Halafu kuvuta. Acha mikupuo. Mshipi unaukusanya kiganjani kidogo kidogo, kidole gumba na cha shahada vikikunja upande mmoja, vidole vingine vikikunja upande wa pili, kama mtu anayekunja uzi wa kushonea. Ukidhani unakwenda polepole, punguza nusu. Ukianza kuona upuuzi, hapo umekaribia. Trauti wa baridi hapigi kwa kishindo. Mshipi unazidi uzito tu, kama umenasa jani bichi, au ile sehemu inayoelea inasita kwenda. Inua ufito, ile fimbo ya kuvulia, hapo hapo bila kujiuliza. Nimeinulia majani mengi hivyo, na si haba wamekuwa samaki. Hapa mazoezi ya ngalawani yalinifaa: mshipi ukae juu ya kidole cha shahada muda wote, na jicho liwe kwenye mshipi hata kama kuna bata wanapigana.

Kuna njia ya pili, ya kuning'iniza nzi chini ya boya dogo la rangi na kumwacha hapo hapo asimame kwenye kina unachotaka. Wapo wanaoidharau na kusema huo si uvuvi. Mabwawa mengine yanaikataza kabisa, kwa hiyo soma ubao wa masharti mlangoni. Mimi siku za nyuzi 3 naitumia bila haya. Kijiupepo kidogo kikilitikisa boya, nzi naye anapanda na kushuka kule chini bila wewe kufanya lolote.

Kuhusu nzi gani, usitumie pesa nyingi. Aliyewahi kulala Mwanza au Kisumu anawajua wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, wamefanana na mbu lakini hawaumi. Jamaa zao wapo kwenye mabwawa ya huku, na mwaka mzima funza wao wekundu wanaishi kwenye tope la chini. Kipindi ambacho kerengende wamelala na nyasi za maji zimekufa, hicho ndicho chakula kilichobaki. Mfuate huyo: nzi mwembamba mweusi au mwekundu, ndoano namba 12 au 14. Ujue kwamba namba ikipanda ndoano inapungua. Mimi mara ya kwanza nilinunua kinyume.

Kuna jambo moja linalovuruga hesabu yote hii, nalo ni lile gari lenye tangi. Trauti aliyemwagwa juzi bado ni samaki wa shamba. Amezoea vidonge vya chakula, anaogelea na wenzake kwa kundi, mara nyingi juu na karibu na alipomwagwa, na anavamia kitu cha rangi ya chungwa kinachopita. Muulize msimamizi waliingizwa lini na upande gani. Si udanganyifu, wenyeji wote wanauliza. Kama ni jana, anza na nzi mkubwa wa rangi kali kwa nusu saa. Wakishachomwa mara mbili tatu wanajifunza, na hapo rudi kwenye weusi wako na hesabu yako.

Na huyu trauti wa upinde wa mvua naye ni mhamiaji kama mimi. Asili yake ni mito inayomwaga Pasifiki, ikiwemo ya magharibi ya Amerika Kaskazini, na Uingereza aliletwa miaka ya 1880. Nilipojua hilo nilimwonea huruma kidogo, kisha nikamla.

Usiamke alfajiri. Ile hekima ya mvuvi kuwahi giza huku Januari ni kujitesa. Saa nne na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu mchana ndipo maji yanapopata kijoto, na jua lenyewe linazama kabla ya saa kumi na moja. Tafuta upande wenye kinga ya upepo, si kwa ajili yako tu; upepo wa baridi hulisukuma lile tabaka la juu mpaka ukingo wa pili, na huko ni baridi tupu. Usisimame kwenye kingo zenye maji angavu ukiwa na koti jeupe au la njano. Simama hatua mbili nyuma, na mara ya kwanza urushe karibu.

Mavazi sitayaeleza sana: sufu mguuni, pamba isikuguse, kofia mbili, glavu zisizo na ncha za vidole. Miwani ni lazima hata kama hakuna jua, maana nzi mwenye kichwa cha shaba akikukosa sikio leo, kesho ni jicho.

Barafu itaganda kwenye vile vipete vya ufito unamopita mshipi. Nilivunja ncha ya ufito wangu wa kwanza kwa kuipiga na kucha. Tumbukiza ufito majini sekunde chache, itayeyuka. Na kabla ya kutoka nyumbani pakaza vipete mafuta mazito ya kupaka midomo. Hayazuii kabisa, lakini yanakupa muda.

Ukimpata na kutaka kumrudisha, tumia ndoano isiyo na kijino, lowesha mikono kwanza, na usimtoe majini kama hewa iko chini ya sifuri, kwa kuwa matamvua yake yanaweza kuganda hata kwa muda mfupi. Picha isubiri Machi. Ukitaka kumla, kuna kirungu kidogo cha kumpiga kichwani mara moja, ambacho Waingereza wanakiita padri, kwa kuwa ndiye anayemsomea sala ya mwisho. Mpasue wa kwanza pale pale uone alikula nini. Wangu wa Jumamosi ile alikuwa na funza wekundu watatu, konokono na kipande cha kijiti.

Nilimpikia mchuzi wa nazi, akasambaratika sufuriani. Nyama yake ni laini, haiwezi. Siku hizi namchana mbavu, chumvi, ndimu, pilipili, na kumbanika. Mjomba nilimpigia simu kumsimulia. Alisikiliza yote, kisha akauliza bei ya tiketi. Nikamwambia pauni 25, samaki wawili. Kimya. "Na wengine mpwa wangu unawarudisha?" Nikasema ndiyo. Akaomba aongee na mke wangu.

Usisahau leseni. Hapa England tiketi ya bwawa haitoshi. Kila mwenye miaka 13 au zaidi anahitaji leseni ya ufito ya Environment Agency, shirika la serikali la mazingira, inapatikana mtandaoni, na ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Mimi nimekaguliwa mara moja tu, na ilikuwa siku ya mvua ya mawe, kwa hiyo usijidanganye kwamba hawatoki.

Haya yote ni ya Desemba hadi Februari. Maji yakifika nyuzi 8 au 9 wadudu wanaanza kupanda juu, trauti anawafuata, na ile 22 yangu ya kwenye ukuta inakuwa 12, kisha 6. Kofia ya pili narudisha kabatini.