Bucha ya familia katika mji wa kubuni: maelezo ya mtoto wa bucha wa Igoma

Mleta uzi, nimesoma sura yako ya kwanza yote. Kwa ambao hawajaipitia: mwenzetu anaandika hadithi ya mji wa kubuni uliojengwa juu ya miamba katikati ya ziwa, na humo kuna familia inayouza nyama ya majoka ya ziwani tangu enzi za mababu. Anauliza bucha ya familia inaendeshwaje hasa, maana anaona ya kwake imepooza. Mwishoni ameuliza pia kama binti anaweza kurithi bucha wakati kaka yake yupo. Mimi nimezaliwa na kukulia kwenye bucha ya familia Igoma, hapa Mwanza. Majoka siyajui, bucha naijua.

Tatizo nimeliona ukurasa wa kwanza. Baba mtu ni pande la jitu, aproni imelowa damu, panga mkononi, anakata nyama kutwa nzima na jioni anafunga mlango. Nyama yake haina saa. Asubuhi inaning'inia, mchana inaning'inia, kesho yake bado ipo, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyeingiwa na hofu. Mkuu, bucha inaendeshwa na hofu hiyo. Mnyama akishachinjwa, kila lisaa linalopita linakula hela yako.

Kwetu ng'ombe anachinjwa usiku kuelekea alfajiri, machinjioni Nyakato. Kunapambazuka, nyama iko ndoanoni. Wateja wetu wanataka nyama ya leo. Ukimpa mtu iliyolala kwenye friji anaibonyeza kwa kidole, anakuangalia usoni, anaondoka. Kwa hiyo siku ina zamu zake. Wa kwanza ni wauza supu, wanakuja kabla hujamaliza hata kufuta kaunta, wanachukua makongoro, kichwa na utumbo. Kisha mama lishe, hao wanataka mchanganyiko wenye mifupa ili mchuzi uwe mzito na sahani ionekane imejaa. Katikati ya asubuhi wanakuja akina mama wa majumbani na watoto waliotumwa nusu kilo. Mchana kimya. Jioni wachoma nyama wanachukua mbavu, na vijana wa mishikaki wanachukua vipande vilivyobaki, kwa bei ambayo asubuhi ungewafukuza. Mama yangu alikuwa akiangalia ndoano mchana ule wa kimya, anajua tayari kama siku imelipa au haijalipa. Weka hilo kwenye hadithi: mtu mmoja anayeangalia ndoano na kunyamaza.

Halafu hesabu. Ng'ombe wetu wa asili, ukimpima hai akawa na kilo 250, ndoanoni usitegemee zaidi ya nusu yake. Na hiyo nusu bado ina mifupa, na ikining'inia inakauka, uzito unapungua huku unautazama. Ukiuza steki na mchanganyiko peke yake, mara nyingi unarudisha pesa ya ng'ombe tu. Faida imejificha kwenye vitu ambavyo mgeni havioni: utumbo, maini, ulimi, mkia, makongoro, ngozi. Sasa nikuulize, magamba ya joka lako yanakwenda wapi? Utumbo wake nani anakula? Umeandika kwamba lina mfuko wa moto kooni, ukauacha hapohapo. Huo ndio utajiri wa hadithi yako! Sisi tuna nyongo. Mchunaji asiye makini akiipasua, ini limeharibika, na ini ni hela. Basi familia yako iwe na ujuzi wa kuutoa mfuko ule bila kuupasua, na wasimfundishe mkwe mpaka wawe na uhakika ndoa imeshika.

Kitu kingine kilichonishangaza, mji wako una walinzi, makuhani na watoza ushuru, lakini hauna mkaguzi wa nyama. Haiwezekani. Hapa mnyama anaangaliwa akiwa hai, akishachinjwa anapasuliwa na kuangaliwa tena, na bila muhuri wa mkaguzi nyama haitoki. Kanda hii yenye mabonde ya maji na konokono, maini yanakataliwa sana kwa sababu ya minyoo bapa. Mkaguzi anachana ini kwa kisu, anakuonyesha, linatupwa, na hasara ni yako, kwa sababu mfugaji ulishamlipa mnadani na kesi yake imeisha. Nimeona watu wazima wakibembeleza kwa ajili ya ini moja. Makorongo, wale ndege wakubwa wenye mfuko shingoni, wanasubiri nje kwa utulivu wa wazee wa baraza. Katika mji wako mtu mwenye mamlaka ya kusema "hii itupwe" ana nguvu kuliko mlinzi mwenye mkuki. Mtumie.

Kuna suala la nani anashika kisu. Sisi ni Wakatoliki, lakini ng'ombe wetu alichinjwa na mzee Mwislamu siku zote, na nyumbani halikuwa jambo la kujadili. Mteja wa dini yoyote anunue bila kuuliza. Usidhani ni jambo dogo. Mwaka 2012 na 2013 mzozo wa nani achinje ulitikisa Kanda ya Ziwa, hadi kukatokea mauaji Buseresere, Geita, Februari 2013. Kama mji wako una makabila matatu na miungu miwili kama ulivyoandika, usiniambie wote wanakula kutoka kisu kimoja bila makubaliano. Yaandike hayo makubaliano. Pengine hadithi yenyewe iko hapo.

Familia sasa. Wewe umewapanga wote nyuma ya kaunta, kama picha ya harusi. Kwetu baba alikuwa haonekani sana bucha. Baba alikuwa mnadani, Magu au Misungwi, anazunguka ng'ombe, anamshika mgongo na mbavu, anamtazama anavyotembea, anajifanya hamtaki. Bucha inapata au inakosa pale mnadani. Ukimnunua vibaya hakuna mkato wa nyama utakaokuokoa. Na ukimnunua vizuri lakini akatembezwa mbali au akabanwa kwenye lori, ukamchinja amechoka bila kumpumzisha na kumpa maji, nyama inatoka nyeusi, kavu, inanata, na mteja anasema ni ya ng'ombe mgonjwa. Baba alikuwa mkali kwenye kupumzisha ng'ombe kuliko kwenye kutupumzisha sisi.

Kaka alikuwa machinjioni usiku, analala mchana, kwa hiyo nyumbani tulizoea kutembea kwa kunyata saa sita mchana. Shangazi alikuwa na jiko la supu pembeni ya bucha, na alinunua makongoro kwetu kwa pesa taslimu kama mteja mwingine yeyote, maana mama alikataa katakata habari za "sisi ni ndugu". Mimi nilipeleka mizigo kwa baiskeli na kufukuza nzi. Mama alikaa kaunta, pesa mkononi mwake, na daftari la madeni chini ya kaunta limefungwa kwa mpira.

Daftari hilo, mkuu, lilikuwa na uzito kuliko mzani. Humo kulikuwa na mwalimu anayelipa mwisho wa mwezi, fundi anayelipa akipata kazi, mwenye baa anayelipa akikumbushwa mbele za watu. Mama hakukumbusha mtu mbele za watu hata siku moja, alimwongezea yule mdaiwa mfupa mkubwa, akamsalimia kwa furaha, "Mwangaluka!", na mtu mwenyewe aliona haya akaleta. Msiba ukitokea mtaani, mfiwa anatuma mtu usiku kuja kuchukua nyama ya kulisha waombolezaji, na hakuna anayetaja bei usiku huo. Wengine walilipa baada ya mwezi, wengine walilipa mbuzi, wengine hawakulipa. Lakini jina letu Igoma lilijengwa kwenye misiba hiyo. Mteja wa msiba hahami bucha.

Mzani nao uwe na maisha. Wetu ulikuwa unakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na bado kila mteja aliuinamia kuusoma kana kwamba ana kesi nao. Na baada ya kupima anataka nyongeza. Usipompa kipande cha nyongeza, hata kama umempimia gramu kwa gramu, amepunjwa. Mimi naamini nyongeza ndiyo mazungumzo yenyewe, kilo ni salamu tu. Nyama ya mbuzi baba aliining'iniza na mkia wake wenye manyoya, watu wajue ni mbuzi. Nyama ya joka je? Mtu wa mji wako atajuaje hauziwi kenge? Acha gamba moja kwenye kila paja.

Panga na gogo ulivyovipenda, angalia. Serikali na Bodi ya Nyama, iliyotokana na Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, wamekuwa wakiwabana wenye bucha waachane na magogo na mashoka, watumie misumeno ya nyama, kuta ziwe na vigae. Gogo linanyonya damu, halisafishiki, na kila pigo linaacha vipande vya mfupa na mbao kwenye nyama. Baba alipoletewa msumeno wa umeme alilitoa gogo lake nje, akalikalia. Jioni alipokea wageni akiwa juu yake. Sijui kama alikuwa anaomboleza au anapumzika.

Sasa ziwa. Hapa umenikosea kabisa, maana umeweka bucha katikati ya ziwa halafu samaki hawaigusi biashara. Bucha ya Mwanza haishindani na bucha ya jirani peke yake, inashindana na sato, sangara na dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, wavuvi wanakaa nchi kavu, dagaa wanaadimika, na kwetu nyama ilikuwa inatoka. Mama alijua tarehe za mwezi kuliko shehe. Kwaresma ikifika, Ijumaa tunauza kidogo sana, na Ijumaa Kuu hatufungui. Eid na Krismasi tunachinja zaidi na hatulali.

Nchi kavu nayo ina mkono wake. Msimu wa pamba, mkulima wa Usukumani akishalipwa hana haja ya kuuza ng'ombe. Wengi hununua wa kuongeza zizini. Mnadani bei inapanda, na baba anarudi jioni na lori tupu na hasira. Shule zikifunguliwa Januari, ng'ombe wanajaa mnadani kwa sababu ya ada na sare. Mji wako ule nini, ulime nini, nani anauza joka lake na kwa shida gani? Ukijibu hilo, bei ya nyama itajiandika yenyewe, na watu watagombana kwa sababu zinazoeleweka.

Kuhusu binti: ndiyo, anaweza, na usiandike kwamba alimshinda kaka yake kwa kukata nyama haraka. Bucha yetu leo inaendeshwa na dada yangu. Kaka ana nguvu na mkono mzuri wa kuchuna, bado anakwenda Nyakato usiku. Lakini dada ndiye aliyekaa na mama kaunta tangu yuko darasa la tano, anajua nani analipa na nani anahitaji kungojwa, na wauza supu wakapiga simu kwake hata baba alipokuwa bado mzima. Baba alipotaka kugawa kazi alikuta zimeshagawanyika. Kaka alinuna msimu mzima, akasusa hadi chakula cha jioni, kisha siku moja akamuuliza dada kesho achinjwe mmoja au wawili. Dada akamwambia mmoja, mwezi haujajaa.