Maswali ya wasomaji: mbwa mzee na maumivu ya viungo

SWALI: Habari za kazi, madaktari. Mbwa wangu ni jike chotara wa German Shepherd, ana miaka 11 na kilo 38. Tangu baridi ya Juni ianze, kila asubuhi anainuka kwa shida, miguu ya nyuma imekakamaa. Akishazunguka uwanja kidogo anatembea vizuri. Majirani wanasema ni uzee tu. Siku zikiwa mbaya humpa nusu kidonge cha diclofenac. Dozi yake sahihi ni ipi?
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Diclofenac haina dozi salama ya kumpa mbwa nyumbani. Iache leo, na usiibadilishe kwa ibuprofen wala naproxen. Dawa hizi huchubua utando wa tumbo la mbwa na kupunguza damu inayofika kwenye figo, na nyingine hukaa mwilini mwake siku kadhaa. Akitapika, akikataa chakula, akitoa kinyesi cheusi kinachonata au akinywa maji kupita kawaida yake, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo na umtajie ulichompa na lini.

Majirani wamekosea. Uzee peke yake haumkakamazi mbwa. Unachoeleza, yaani kukakamaa baada ya kulala na kulegea akitembea, ndiyo dalili kuu ya yabisi: gegedu linalofunika ncha za mifupa limelika na kiungo kimevimba ndani. Kwa German Shepherd na chotara zake chanzo mara nyingi ni nyonga ambazo hazikukaa vizuri tangu utotoni. Usisubiri alie. Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu halii, huacha mambo: haruki tena kwenye gari, hapandi ngazi, haji getini kukupokea. Mpapase mapaja ya nyuma ukilinganisha na mabega. Yakiwa yamesinyaa, maumivu ni ya siku nyingi.

Dawa ipo. Inayopatikana kwa urahisi kwa madaktari wa mifugo ni meloxicam ya maji ya kumeza. Siku ya kwanza ni mg 0.2 kwa kila kilo ya uzito, kisha mg 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Kwa kilo 38 hiyo ni mg 3.8 kwa siku, sawa na ml 2.5 za dawa yenye nguvu ya mg 1.5 kwa ml. Tunaandika hesabu hii ili uone hatari ya kununua vidonge vya binadamu: kidonge cha meloxicam cha mg 15 ni karibu mara nne ya dozi yake. Kabla ya kuanza, damu ipimwe figo na ini, irudiwe baada ya wiki chache, kisha kila miezi 6. Yeye ametoka kwenye diclofenac, kwa hiyo daktari atataka apumzike siku 5 hadi 7 kwanza. Katika siku hizo anaweza kumpa gabapentin, dawa nyingine ya maumivu ambayo haigusi tumbo. Itamlegeza na kumtia usingizi kidogo mwanzoni.

Hata hivyo, dawa peke yake haitatosha, na hapa tunaomba utusikilize kwa makini. Chotara wa kimo cha kawaida mwenye kilo 38 huenda amezidi kilo 8. Weka vidole ubavuni mwake. Mbavu zinapaswa kuhisika kama mifupa iliyo nyuma ya kiganja chako. Usipozihisi bila kubonyeza, amenenepa. Mbwa wanene wenye yabisi wameonekana kupunguza kuchechemea wakipungua takriban asilimia 6 tu ya uzito, na kwa huyu wako hiyo ni kilo mbili na robo. Ili afike kilo 30 anahitaji takriban kilokalori 900 kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama 360, maana yake ugali wa gramu 250 za unga humaliza hesabu yote ya siku kabla hujaweka hata dagaa. Pima unga kwa mizani kabla ya kusonga, usikadirie kwa mwiko. Punguza ugali, ongeza dagaa, yai au nyama isiyo na mafuta ili misuli isiyeyuke, na ujazie kwa malenge au kabichi ya kuchemsha, bila kitunguu wala kitunguu saumu. Mwambie mlinzi na watoto pia, kwa sababu mpango huu hufia kwenye vipande vya mkate vinavyotupwa pembeni. Mpime kila wiki mbili. Mizani ya magunia dukani inafaa. Kupungua gramu 400 hadi 700 kwa wiki kunatosha.

Mtembeze kwa kamba dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, kila siku, mwendo wa taratibu. Kinachoharibu ni kumfungia wiki nzima kisha kumkimbiza Jumapili. Keshoye akichechemea zaidi, punguza dakika lakini usiache. Usiku asilale kwenye saruji: mpe godoro la sponji la unene wa sentimita 10, juu lifunikwe turubai na blanketi, mbali na upepo wa mlangoni. Asubuhi za baridi, mkandie nyonga kwa taulo la maji ya moto dakika 10, ukilijaribu kwanza kwenye mkono wako kwa ndani. Kata kucha, maana kucha ndefu humfanya ateleze. Palipo na vigae tandika mikeka ya mpira.

SWALI: Duka la dawa za mifugo walimchoma mbwa wangu wa miaka 9 sindano ya dexamethasone. Siku tatu alikuwa kama mtoto, sasa amerudi palepale na viungo kadhaa vimevimba. Nirudie sindano?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Usirudie. Dexamethasone huzima uvimbe haraka bila kujali chanzo, kwa hiyo nafuu ile haikuambii mbwa anaumwa nini. Ikikutana mwilini na meloxicam, carprofen au aspirini, tumbo linaweza kutoboka. Lazima ipite angalau wiki moja kati yake na dawa hizo, na zaidi ikiwa sindano ni ya kukaa muda mrefu.

Viungo kadhaa kuvimba kwa pamoja kunatufanya tushuku kwamba hii si yabisi ya kawaida. Huku kwetu kupe wa mbwa hueneza ehrlichia, bakteria wanaoshambulia damu, na ugonjwa wake huweza kuvimbisha viungo. Mpime joto kwa njia ya haja kubwa: kawaida ni 38.3 hadi 39.2, na ikipita 39.5 akiwa ametulia, hiyo ni homa. Tazama fizi kama zimepauka na pua kama inatoka damu. Daktari apime damu na chembe sahani, yaani chembe zinazogandisha damu. Ikithibitika, doxycycline hutolewa siku 28 kamili, hata akionekana mzima siku ya tano.

SWALI: Glukosamini (kirutubisho cha viungo) au mafuta ya samaki? Na kuogelea baharini kunamfaa mbwa wangu? Ana kilo 20.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Fedha ikiwa ya kimoja, nunua mafuta ya samaki. Ushahidi wa glukosamini ni dhaifu. Soma nyuma ya chupa: kidonge cha mg 1,000 kwa kawaida kina mg 300 tu za EPA na DHA (mafuta ya omega-3 yanayofanya kazi) kwa pamoja. Kwa kilo 20 lenga takriban mg 2,000, yaani vidonge 6 au 7. Anza na kimoja, ongeza kila baada ya siku tatu, na akiharisha rudi nyuma. Subiri wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhukumu. Usichukue mafuta ya ini la samaki, kwa sababu kwa kiasi hicho vitamini A na D zitamzidi.

Bahari ni nzuri, hasa kutembea kwenye maji yanayofika kifuani, dakika 5 hadi 10, maji yakiwa yametulia. Mpe maji ya kunywa kabla ya kwenda ili asinywe ya chumvi, na umsuuze mkirudi.

SWALI: Mbwa wetu mzee anaburuta miguu ya nyuma, kucha zimelika kwa juu, ila ukimgusa haonyeshi kuumia.
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Hilo linaelekea zaidi kwenye neva kuliko viungo. Akiwa amesimama, kunja unyayo wa nyuma ili upande wa juu wa unyayo uguse chini. Mbwa mwenye neva nzima huurudisha papo hapo. Akiuacha umekunjwa, uti wa mgongo uchunguzwe wiki hii. Miguu ikilegea ghafla, au akishindwa kukojoa, mpeleke siku hiyohiyo, mkimbeba juu ya ubao ulionyooka.