Maji ya Uru yanapolala Mabogini

SWALI: Habari za kazi, mwanangu. Mimi ni katibu wa kamati ya maafa ya kijiji, huku chini ya Moshi upande wa Mabogini. Masika iliyopita tulipata ujumbe wa Mamlaka ya Hali ya Hewa saa kumi jioni: rangi ya chungwa, mvua kubwa mkoa wa Kilimanjaro. Tukaurusha kwenye kundi la WhatsApp. Kwetu halikudondoka hata tone, watu wakalala. Saa tisa usiku Mto Rau ukaingia ndani, magodoro yakaelea. Sasa wanasema kamati haina kazi. Tulikosea wapi? Na fungu la maafa tunalipata wapi?

JIBU: Shikamoo mama, na poleni sana.

Ujumbe ule ulikuwa unazungumzia mkoa mzima kwa siku nzima. Nyinyi mlihitaji habari za mto mmoja kwa saa chache. Maji yaliyowaingilia hayakunyesha kwenu. Yalinyesha Uru, huko juu mlimani, yakateremka na makorongo usiku kucha, yakawakuta mmelala chini ya nyota. Halafu taarifa yenyewe huwa na mambo mawili ambayo watu huyakata wakiirusha kwenye makundi: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Chungwa ni tahadhari, iko juu ya njano (angalizo) na chini ya nyekundu (tahadhari kubwa), lakini bila hayo mawili mtu anaiona kama rangi ya kanga tu.

Kwa hiyo kwanza tafuteni mtu wa juu. Afadhali wawili, wanaoishi jirani na daraja huko Uru, wenye simu isiyokosa chaji. Ombeni ruhusa ya wenye daraja, mpake nguzo yake mistari mitatu, njano, chungwa na nyekundu. Maji yakigusa njano, mtu wa juu anapiga simu. Narudia, anapiga. Saa tisa usiku bando limeisha au simu iko kimya, hakuna anayesoma kundi. Urefu wa mistari waulizeni wazee wanaokumbuka maji yalifika wapi miaka ya mafuriko, kisha mwende Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Ofisi yao iko hapo hapo Moshi na kupima mito ni kazi yao. Mwaka wa kwanza mtaamsha watu bure mara moja au mbili. Waambieni mapema, wasije wakawatukana.

Pili, andikeni kila rangi inamwamsha nani na anafanya nini. Njano: wenye wagonjwa, wajawazito na vikongwe wanaanza kutoka. Chungwa: wote wa kitongoji cha mtoni wanaelekea shuleni. Nyekundu: hakuna kuvuka korongo, hata kwa gari. Aprili 2024 pale Arusha basi la shule lilisombwa na maji korongoni asubuhi, watoto wakapotea. Dereva wa boda atakuambia anayajua maji ya kwao, mkatalieni.

Na funguo! Niliwahi kukagua kijiji chenye mpango safi, umepigwa muhuri, kimbilio ni darasa la tano. Nikaomba tufungue. Funguo alikuwa nazo mwalimu, na mwalimu alikuwa likizo Singida. King'ora walikuwa nacho pia, ila betri yake ilikuwa inapiga muziki kwenye kibanda cha chipsi. Tangu siku hiyo mpango sianzi kuusoma kabla sijaulizia funguo. Kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti vinatosha, na havina wa kuviazima.

Msidhani hii ni dawa ya maskini. Bangladesh, kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu zaidi ya laki tatu kwa makadirio ya kawaida. Baada ya hapo walijenga majengo ya kukimbilia na kuandaa maelfu ya watu wa kujitolea wa vijijini, wanaopandisha bendera na kupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kiliua watu kama 3,400. Ni wengi, lakini pwani ni ile ile na watu walishaongezeka sana.

Fungu sasa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati hadi ngazi ya kijiji, kwa hiyo anayesema hamna kazi mwonyesheni sheria. Ila msisubiri fungu kutoka Dodoma. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango hupangwa miezi mingi kabla. Rangi, tochi, buti na vocha ziingizeni kwenye mpango wa kijiji kupitia mkutano mkuu, mapema, wakati wa vuli. Ukiomba baada ya mafuriko utapewa unga na blanketi.

Kuhusu waliojenga ukingoni: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo yake, halmashauri ikaidhinisha. Huo ni ugomvi wa miaka, mama, na katikati yake kuna shemeji zako. Mwaka huu anzeni na mtu wa Uru. Mkimpata, mpigieni saa tisa usiku siku isiyo na mvua, muone kama anapokea.